Siku Nilipowamwagilia Ndama Kama Kabichi

Nianze na aibu yenyewe, maana nisipoisema mimi atawasimulia mtu mwingine, naye ataizidisha. Mimi, Joel, mwenye diploma ya kilimo cha bustani kutoka Bara Hindi, mtu wa kwanza katika ukoo wetu wote kuvuka bahari kwa meli na kurudi akiwa mzima na amevaa tai, niliwafanya ndama wanne wakojoe damu mbele ya wakwe zangu, huku nimesimama juu ya kreti ya maziwa nikiwaeleza wakwe hao jinsi nilivyo na akili.

Ilikuwa miaka ile ya hamsini, miaka ya kuvaa kipande shingoni na kuomba pasi ya kusafiria, na kwetu kulikuwa kwenye shamba la mzungu mmoja upande wa Njoro, ambako baba alikuwa nyapara na alikuwa ameruhusiwa kufuga ng'ombe wachache wake mwenyewe. Mniwie radhi nikijisifu kidogo, lakini masomo yangu sikupewa na mtu. Nilichuma pareto Molo, nikauza mayai kwenye stesheni ya Nakuru, nikawa karani wa stoo ya ngano, nikaweka akiba kwa miaka mitano bila kununua hata kofia, kisha nikaenda zangu. Niliporudi na ile diploma niliitia kwenye fremu ya kioo nikaitundika sebuleni kwa baba, ikitazama mlango, hata mgeni akiingia aisome kwanza ndipo amsalimu mwenye nyumba. (Baba alisogeza tu kiti chake pembeni ili asiizibe.)

Sasa, nilikuwa nataka kumwoa Rebeka. Rebeka alikuwa muuguzi katika hospitali ya Nakuru, msichana mrefu, mtulivu, ambaye wagonjwa walisema sindano yake haiumi, nami kila Jumapili nilipanda basi kwenda kumtembelea na kumsimulia mambo niliyosoma. Yeye alikuwa radhi. Baba yake, Mzee Kiprono wa upande wa Elburgon, ndiye aliyekuwa kazi. Alikuwa msimamizi wa josho, pale ng'ombe wanapoogeshwa dawa ya kupe, mtu ambaye hata akikutana na binadamu humtazama kwanza miguu na mgongo ndipo uso, na diploma yangu nilipompelekea aione aliigeuza akatazama nyuma yake, akanirudishia.

"Karatasi haikamuliwi, kijana," akaniambia. "Nitakuja Jumamosi kuwaona ng'ombe wa mahari. Nikiridhika, binti ni wako. Nisiporidhika, kuna karani mmoja wa reli pale Nakuru ambaye mwezi huu amenisalimia mara tatu."

Basi mnaona mambo yalipokuwa. Jumamosi moja, mzee mmoja, na karani mmoja wa reli mwenye adabu nyingi mno.

Mahari ilikuwa imekubaliwa, na sehemu yake kubwa ilikuwa mitamba wanne wachanga ambao hawajatimiza mwaka, na hao mitamba, jamani, walikuwa wamekonda. Kilikuwa kiangazi, nyasi zimekuwa rangi ya gunia, na ukiwatazama ndama wale ubavuni ungeweza kuhesabu mbavu bila kuwagusa. Nilikuwa na siku nne. Kwa siku nne hata diploma hainenepeshi mnyama, nikajiambia, kisha papo hapo nikakumbuka kabichi.

Ngoja niwaeleze habari za kabichi, maana ndizo zilizoniponza. Wiki chache kabla ya hapo nilikuwa nimepita sokoni Nakuru nikamkuta Mama Wairimu, muuza mboga, amekaa mbele ya kabichi zilizolegea kama nguo zilizosahauliwa kwenye kamba, nami kwa hisani yangu nikamfundisha. Nilimwambia kwamba kila jani limejengwa kwa vijumba vidogo sana visivyoonekana kwa macho, ambavyo sisi wasomi tunaviita seli, na kila seli imezungushiwa utando mwembamba, na utando huo si gunia tu, ni bawabu: maji huyaachia yaingie na kutoka, lakini chumvi na sukari zilizomo ndani huzishikilia. Na maji yana tabia moja, huenda upande wenye chumvi nyingi. Kwa hiyo jani ukiliweka ndani ya maji matupu, maji hukimbilia ndani ya seli, seli hujaa kama mpira, na jani husimama wima. Ukiliweka ndani ya maji ya chumvi, maji hutoka ndani kukimbilia nje, na jani hulala kabisa. Nikamwambia atie mboga ndani ya karai la maji matupu, na baada ya saa moja mboga zilikuwa zimekakamaa kama askari kwenye gwaride. Mama Wairimu akasema, "Asante sana, mwalimu," na wenzake wakasema asante, nami nikaondoka pale nikiwa na urefu wa mnazi. (Baadaye nilikuja kujua kwamba wanawake wale walikuwa wakilowesha mboga zao tangu hawajaota meno. Waliniacha niseme kwa sababu nilikuwa nimesimama nikiwakinga jua.)

Basi nikawatazama ndama, nikawaza: ndama naye si amejengwa kwa seli? Na seli si zina utando? Ikiwa kabichi iliyolegea inasimama kwa saa moja, kwa nini mtamba aliyekonda asijae kwa asubuhi moja? Nikapanga hivi: niwanyime maji kuanzia Alhamisi asubuhi, wale mabua makavu tu, seli zao zipatwe na kiu hasa, halafu Jumamosi alfajiri niwafungulie maji matupu, yasiyo na hata punje ya chumvi, wanywe wanavyotaka. Hapo maji yataingia kwenye nyama yenyewe, mnyama atajaa kutoka ndani, Mzee Kiprono atapapasa mgongo na kukuta mgongo. Nilifurahi sana na wazo hilo. Nililiandika kwenye daftari, na chini yake nikatia sahihi.

Aliyekuwa akiwatunza ndama kwetu ni shangazi yangu Kobilo, dada mkubwa wa baba, mjane, mtu mwenye upana wa mlango na ulimi wa wembe. Aliwalea ndama wale tangu siku ya kuzaliwa, kama alivyonilea mimi, na kila asubuhi, kabla hajanywa chai, aliwapapasa masikioni na chini ya mkia kuwatoa kupe mmoja mmoja kwa vidole. Ijumaa mchana akaja kunitafuta.

"Mtoto wa ndugu yangu, ndama wana kiu tangu jana. Umefunga njia ya maji kwa nini?"

"Ni mpango, Shangazi."

"Mpango wa kuwaua?"

"Mpango wa kuwanenepesha. Kesho asubuhi watakunywa mpaka washibe."

Akanitazama kama mtu anayetazama sufuria iliyotoboka. "Ndama aliyekaa na kiu hapewi maji yote kwa mara moja. Anapewa kidogo, analambishwa chumvi kiganjani, anaondolewa, anapumzika, anarudishwa. Tulipowatoa ng'ombe Baringo kuja huku ndivyo tulivyofanya, na hatukumpoteza hata mmoja."

"Chumvi!" nikasema, nikacheka kile kicheko nilichojifunza chuoni. "Shangazi, chumvi hunyonya maji kutoka kwenye seli. Ukiwapa chumvi watasinyaa."

"Hizo seli ziko wapi?"

"Mwili mzima. Hata wewe unazo."

"Na mimi nakula chumvi kila siku. Nimesinyaa?"

Mngemwona Shangazi mngeelewa nilivyobanwa, kwa hiyo nikafanya anachofanya msomi asiye na jibu, nikatumia nguvu. Nikauchukua mfuko wote wa chumvi ya ng'ombe, nikaufungia ndani ya sanduku langu la bati, lile nililotoka nalo Bara Hindi, ili asije akawalambisha kwa siri akaniharibia sayansi.

Jumamosi alfajiri nikafungua lango. Ndugu zangu, sijawahi kuona unywaji wa namna ile. Walitumbukiza pua kwenye hori mpaka machoni, hawakupumua, ungesikia maji yakishuka kooni gudu, gudu, gudu, nami niliyajaza tena hori hilo kwa debe mara tatu kwa mkono wangu mwenyewe, nikiwahimiza kama mama anayelisha uji. Walipoinua vichwa walikuwa wanyama wengine. Matumbo yamesimama kama ngoma, mbavu zimepotea, ngozi inang'aa. Nikaenda kuvaa suti.

Wakwe walifika saa tano kwa mkokoteni wa ng'ombe, wazee watano, wakafungua maksai wao wawili tukawaingiza bomani pamoja na ndama wetu. Majirani nao wakajitokeza, wafanyakazi wa shamba na wake zao, maana siku hiyo hakukuwa na kazi na mzungu mwenyewe alikuwa Nairobi. Mzee Kiprono hakuketi. Alikwenda moja kwa moja bomani, akawazunguka ndama, akasimama nyuma yao, mahali anapopenda kusimama, akawatazama kwa muda mrefu sana.

"Hawa ni wazuri," akasema. (Nilisikia moyo wangu ukipiga hodi kwenye tai.) "Wazuri kweli. Kiangazi hiki ng'ombe wangu mimi wamebaki pembe. Nyinyi mmewalisha nini?"

Hapo ndipo mtu mwenye akili angesema, "Ni baraka za Mungu, mzee," na leo ningekuwa namwita baba mkwe. Lakini mimi nilikuwa nimeulizwa swali, na nilikuwa na diploma, na watu walikuwa wengi. Nikavuta kreti ya maziwa, nikapanda juu yake.

"Wazee wangu," nikaanza, "kila kiumbe chenye uhai kimejengwa kwa seli." Nikawaeleza utando. Nikawaeleza bawabu. Nikawaeleza chumvi inavyobaki ndani na maji yanavyoingia, nikapanua mikono kuonyesha jinsi seli inavyojaa, na wazee wakawa wanaitikia "mmh, mmh," nami nikazidi kupanua mikono, nikasema, "maji yanaingia, seli inajaa, inajaa, inajaa…" na hapo hapo yule mtamba mwekundu mwenye alama nyeupe kwenye paji, mzuri kuliko wote, akainua mkia.

Ulitoka mkojo wa rangi ya divai ya kanisani. Ulitoka kwa nguvu, na Mzee Kiprono alikuwa amesimama palepale nyuma, na suruali yake ya kaki ilikuwa imepigwa pasi ikawa na mikunjo miwili ya kukata mkate.

Hakuruka. Aliitazama suruali. Kisha mtamba wa pili akainua mkia, naye vilevile. Mwanamke mmoja kati ya majirani akapiga ukelele, "Damu!"

"Mkojo mwekundu," Mzee Kiprono akasema polepole. "Kijana, unataka kunipa ng'ombe wenye ugonjwa wa kupe?"

Sasa sikilizeni vizuri, maana mpaka hapo lilikuwa kosa tu, na baada ya hapo likawa jambo jingine. Mimi nilijua. Si kwamba nilijua yote, lakini niliona wazi kwamba damu ile imetokana na maji yangu, kwani ndama walikuwa wazima kabisa hadi Alhamisi. Ningesema, "Mzee, nadhani nimekosea." Maneno matatu. Badala yake nikashika koti kwa mikono miwili, nikatoa sauti ya daktari.

"Ndiyo, mzee. Ni ugonjwa wa kupe, bila shaka. Mimi nashughulikia lishe yao tu. Kupe ni kazi ya shangazi yangu, na nimemwambia mara nyingi awe mwangalifu."

Shangazi Kobilo alikuwa anakuja na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, kwa ajili ya wageni. Alisimama. Akakiweka kibuyu chini, taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto, akaniangalia. Ulimi wote ule wa wembe, na siku ile haukutoka mdomoni. Ningependa angenitukana.

"Basi kama ni kupe," akasema Mzee Kiprono, "ni jambo la sheria. Mimi ni mtu wa josho. Hakuna mnyama atakayetoka boma hili mpaka daktari wa ng'ombe aje."

"Na maksai wetu?" mmoja wa wazee akauliza.

"Wamo humo. Nao wako karantini."

Na bila maksai hakuna mkokoteni, na bila mkokoteni wazee watano wa miaka sitini hawatembei kwa miguu mpaka Elburgon, kwa hiyo wageni waliokuja kwa saa mbili wakawa wafungwa wetu, na baba akachinja kondoo wa pili, huku mdogo wa Mzee Kiprono, mmoja wa wale watano, akichukua baiskeli yetu kwenda Njoro kumwita msaidizi wa daktari wa ng'ombe.

Saa mbili za kumngoja sizisahau. Mzee Kiprono alikunja mikono ya shati akaanza kuwakagua ndama wangu. Sikio la kulia, sikio la kushoto, chini ya mkia, kwenye mapaja, chini ya kidevu.

"Safi kama sahani," akasema. "Kupe wenyewe wako wapi?"

"Wameshaanguka, mzee."

"Wote?"

"Wote."

"Walisikia wageni wanakuja?"

Watu wakacheka, nami nikacheka nao, nikidhani nikicheka nitaonekana ni mwenzao. Lakini ndama hawakuwa wanacheka. Mmoja alikuwa anayumba kama mlevi, na yule mwenye paji jeupe alikuwa amelala chini, anapumua haraka haraka.

Msaidizi wa daktari alifika kwa pikipiki, baiskeli yetu ikimfuata nyuma, kijana mfupi aitwaye Bwana Shadrack, mwenye kaptura na vumbi mpaka kwenye kope, aliyefundishwa kazi kwa miezi michache tu (niliuliza, ndiyo, hata katika hali ile niliuliza). Alimchoma mtamba sikioni, akapaka tone la damu juu ya kipande cha kioo, akatoa hadubini kwenye sanduku la mbao, akaielekeza juani, akainama.

"Hakuna mdudu," akasema. Akatazama tena. "Hakuna mdudu wa kupe hata mmoja. Lakini damu yenyewe imepasuka." Akainua kichwa, hakunitazama mimi mwenye suti, akamtazama Shangazi mwenye mavi ya ng'ombe miguuni. "Mama, hawa ndama wamekunywa maji lini?"

"Mimi ni mtu wa kupe," Shangazi akajibu. "Habari za maji yupo mwenyewe, pale kwenye kreti."

Nilikuwa bado nimesimama juu ya kreti. Sijui kwa nini sikuwa nimeshuka.

"Walikaa bila maji siku ngapi?" Bwana Shadrack akaniuliza.

"Siku mbili. Kasoro kidogo."

"Halafu?"

"Halafu… wakanywa."

"Kiasi gani?"

"Wanavyotaka."

"Na chumvi?"

"Chumvi ipo."

"Ipo wapi?"

"Sandukuni."

"Sanduku gani?"

"Langu."

Bwana Shadrack akafuta jasho, akaomba bilauri mbili za maji na chumvi kidogo ya jikoni. Bilauri moja akaiacha na maji matupu, ya pili akatia chumvi kidogo akakoroga. Kisha akatia katika kila moja matone machache ya damu ya maksai wa Mzee Kiprono mwenyewe, mnyama mzima asiye na tatizo lolote, akaziinua juani watu wote waone. Ile ya chumvi ilibaki nzito, imefifia lakini nzito, huwezi kuona upande wa pili. Ile ya maji matupu ikageuka nyekundu angavu, kama sharubati. Ungeweza kusoma gazeti kupitia kwake.

"Damu ina seli," akasema, "na kila seli ina utando, kama bwana alivyosema. Maji yanapita, chumvi inabaki ndani, kama bwana alivyosema. Yote aliyosema ni kweli." (Nikanyoosha tai.) "Lakini jani la kabichi, nje ya utando lina ukuta mgumu. Maji yakiingia, ukuta unasema, basi, imetosha. Seli ya damu haina ukuta. Ina utando tu. Maji yakiingia yanaendelea kuingia mpaka ipasuke, na rangi yake inamwagika kwenye mkojo. Chumvi ikiwa kwenye maji, maji hayana haraka ya kuingia. Ndiyo maana mama zetu huwalambisha chumvi."

Mzee Kiprono, ambaye alikuwa ameshika bilauri ile nyekundu akiitazama kwa makini, akasema, "Kwa hiyo kijana huyu aliwamwagilia ndama wangu."

"Aliwamwagilia!" akarudia ndugu yake, na boma zima likaangua kicheko. Watu walicheka mpaka wakashikilia nguzo. Wazee walicheka, majirani walicheka, baba yangu mzazi aligeukia ukuta mabega yakitikisika.

Chumvi ilihitajika upesi, nikakimbilia sanduku, na ufunguo haukuwepo mfukoni, kwa sababu ufunguo ulikuwa kwenye suruali nyingine, na suruali nyingine ilikuwa ndani ya sanduku, kufuli nimelibana nilipovaa suti. Ikabidi litolewe nje, mbele ya watu wote, na ndugu yake Mzee Kiprono alifungue kwa shoka. Shoka likatoboa mfuko. Chumvi ya ng'ombe ikamwagika juu ya nguo zangu za ndani kutoka Bara Hindi, na Shangazi Kobilo akachuchumaa akaanza kuichota kwa viganja, akiipepeta kutoka kwenye soksi, bila kunitazama. Bwana Shadrack akawadunga ndama maji ya chumvi kwenye mshipa. Shangazi akawakalia, mmoja baada ya mwingine, akiwalambisha. Watatu wakasimama kabla ya jua kushuka nyuma ya milima ya Mau. Yule mwenye paji jeupe hakusimama tena.

Maksai walifunguliwa. Mzee Kiprono akaniita pembeni, suruali yake imekauka na doa lake.

"Ndama amekufa. Ndama hufa," akasema. "Maji yako yalikuwa ujinga, na ujinga si dhambi, hata mimi ninao mwingi. Lakini kupe, kijana. Kupe hukuwaona, na ukawataja. Ukamtupia lawama mama aliyekulea mbele ya wageni, ili wewe ubaki safi. Siku binti yangu atakapounguza ugali na wageni wapo, utasema nini?"

Nikalitazama doa la suruali yake.

"Nitamweleza Rebeka nilichokiona leo. Chote. Aamue mwenyewe."

Jioni hiyo nilimwomba Shangazi msamaha jikoni, nikapiga magoti na suti yangu. Aliendelea kukoroga mboga kwa muda, kisha akasema nimesamehewa tangu saa nane, lakini kwa kuwa najua sana habari za kupe, kwa wiki mbili nitakuwa mimi wa kuwatoa. Nikawatafuta kila asubuhi kabla ya chai, masikioni, chini ya mkia. Wiki mbili nzima sikumpata hata mmoja. Shangazi mwenyewe, na hili sikulijua mpaka baadaye, alipanda basi akaenda Nakuru kunitetea kwa Rebeka, akamwambia mimi si mbaya, nimejaa maji tu.

Jibu la Rebeka likaja kwa barua, ukurasa mmoja, mwandiko wake ule wa chati za hospitali. Nimeichoma, lakini naikumbuka.

"Joel," aliandika, "baba amenieleza, na shangazi yako amenieleza, na nimecheka, na nimekusamehe. Wodini kwetu mgonjwa aliyekauka hatumwekei maji matupu kwenye mshipa. Tunamwekea maji yenye chumvi, kwa kipimo, na sababu ni hiyo hiyo ya damu kupasuka. Nimeifanya kazi hiyo miaka mitatu. Jumapili zote ulizokuja umenifundisha habari za seli, nami nilikuwa nangoja siku utakayoniuliza ninajua nini. Ungeuliza mara moja tu. Sitaolewa na karani wa reli, usiwe na wasiwasi. Lakini sitaolewa na wewe pia."

Hivyo ndivyo nilivyompoteza mwanamke ambaye angeniokoa kwa sentensi moja Jumapili yoyote niliyonyamaza, kama ningewahi kunyamaza. Diploma ninayo hadi leo, na bustani zangu, nasema bila haya, hazina mpinzani kuanzia Njoro mpaka Mai Mahiu. Lakini nimeapa, na nyinyi ni mashahidi: kitu chochote kisicho na mizizi sitakinywesha maji tena kabla sijamuuliza mtu, na nikishamuuliza, nitafunga mdomo wangu mpaka amalize kujibu.